Semina ya Siku Tatu na Mlima wa Shuka

Nilikuwa mkuu wa dobi ya hospitali, yaani pale pa kufulia nguo, kwa miaka minne kabla mtu yeyote hajasema waziwazi kwamba sijui kuongoza. Cheo chenyewe nilikipata kirahisi: mkuu wa zamani alistaafu, waliokiweza wakakikataa, na siku ile mimi peke yangu ndiye niliyekuja na shati lenye kola.

Kazi ilikwenda kwa sababu ilijiendea. Nguo za wodi ya wanaume zilifuliwa Jumatatu, za wanawake Jumanne, za chumba cha upasuaji kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilipita nimekumbatia faili, natikisa kichwa, naamini kabisa kwamba mashine zinazunguka kwa ajili yangu.

Ndipo katibu wa hospitali akaniita. Dobi ndogo ya jengo la wazazi ingefungwa, na wafanyakazi wake sita wangehamia kwetu na nguo zao zote.

"Watu hawapendi kuhamishwa," akasema. "Itabidi uwaongoze vizuri. Tunakupeleka semina ya uongozi, siku tatu."

Nilirudi na cheti, begi la kitambaa, kalamu za rangi nne na maneno ambayo hayakuwahi kukaa kinywani mwangu. Nyumbani sikuongea tena, nilishirikisha. Mke wangu alivumilia jioni mbili. Ya tatu nikamwuliza ana maono gani kuhusu jiko letu.

"Maono yangu, baba, ni wewe uoshe hizo sufuria," akasema, akaenda zake kulala.

Siku wageni walipohamia niliwapanga watu wote kumi na wanne duara, kama nilivyofundishwa, nikawaomba kila mmoja ataje hofu yake juu ya mabadiliko. Wakatazamana. Mwishowe mpiga pasi wetu wa siku nyingi, mtu mpole asiyependa makuu, akanyoosha mkono.

"Hofu yangu ni zile shuka, bosi. Zimelowa, nasi tumesimama."

Wakacheka. Nami nikaandika ukutani kwa kalamu nyekundu: Hofu, shuka. Nikaendelea.

Miongoni mwa wageni alikuwemo mshonaji wa dobi ya wazazi, mama mfupi mwenye pini zimejipanga kwenye ukosi wa gauni. Wenzake walimwita Mama Sindano. Alinyanyua mkono nusu.

"Maswali mwishoni, mama," nikamwambia.

Mwisho haukufika, maana niliongea mpaka saa ya chakula.

Sasa, mkufunzi wa semina alikuwa amesisitiza kwamba kiongozi hubomoa kuta kati ya vitengo. Mimi kuta nilizoziona ni zile siku za wodi. Nikaifuta ratiba yote. Kuanzia hapo nguo zote zingemwagwa mahali pamoja, na kila mtu angefua chochote. Nikaliita lundo hilo Kapu la Umoja. Kufikia siku ya pili Kapu la Umoja lilikuwa limefika dirishani.

Asubuhi ya siku ya tatu muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuja kuchukua majoho ya madaktari ili ayapeleke kwenye mashine ya kuua vijidudu. Alifungua furushi mlangoni pale. Ndani mlikuwa na vishuka vya watoto wachanga, vyenye picha za bata. Akafungua la pili: foronya. Majoho yenyewe yalikuwa chini kabisa ya umoja wangu, bado machafu. Wagonjwa watatu waliokuwa wamefunga kula tangu jana walisubiri hadi mchana.

Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Niliwakuta wamelala kwenye vitanda vya magurudumu, mmoja bibi wa makamo aliyenishika mkono akaniuliza kama mimi ndiye daktari. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa nguo, na kwamba anangoja kwa kosa langu. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Niliporudi dobi nilikuta kila mtu ameshughulika kweli kweli.

"Nani alijua kwamba hili litatokea?" nikauliza.

"Sote, bosi," akajibu mpiga pasi, bila kuinua macho.

"Na hamkusema?"

"Mimi nilitaka kusema," akasema Mama Sindano. "Ukaniambia mwishoni."

Nikavuta kiti nikakaa. "Sema sasa, mama. Nakusikiliza."

Akachukua kishuka kimoja, akageuza pindo. Ndani yake palikuwa na mishono mitatu ya uzi wa buluu. Kule kwao, akaeleza, chumba kilikuwa kimoja na nguo za kila namna, kwa hiyo alitia kila nguo uzi wa rangi ya mahali inapokwenda: buluu kwa watoto, njano kwa wodi, nyekundu kwa upasuaji. Mtu asiyejua kusoma angeweza kupanga. Hata mgeni wa siku moja.

"Hata mimi?" nikauliza.

Akanitazama kidogo. "Tutajaribu."

Ratiba ya siku za wodi tuliirudisha mchana uleule. Wiki mbili zilizofuata nilikaa mezani kwake kila asubuhi, natia uzi kwenye pindo chini ya usimamizi wake. Nilijichoma vidole vyote kumi, na kazi yangu aliifumua mara mbili mbele za watu. Ajabu ni kwamba ndipo watu walipoanza kuniambia mambo: mashine ya tatu inavuja, wageni hawana makabati, mmoja ana mtoto mdogo na zamu ya alfajiri inamtesa. Miaka minne nilikuwa nimepita hapo na faili langu bila kusikia hata moja. Yote tuliyarekebisha, polepole.

Kufikia mwezi wa tatu tangu wageni wahamie, usingeweza kujua nani alitoka wapi. Katibu akaja kunipongeza. Nikamwambia ukweli, kwamba mkuu anayestahili ni Mama Sindano, na niko tayari kumpisha. Akaitwa, akaulizwa.

"Mkuu anakwenda mikutano mingapi kwa wiki?" akauliza yeye.

"Minne," nikasema.

"Basi abaki huyuhuyu," akamwambia katibu. "Akiwa mikutanoni, sisi tunafanya kazi."

Akarudi kwenye uzi wake. Mkutano wa kwanza ulikuwa saa nne, nami nikaenda.