Mugongo Ni wa Nani?

Nakumbuka siku ile munganga alipomuuliza Yaya Numbi, dada yangu mkubwa, neno moja, na mimi nikajibu mahali pake. Mpaka leo masikio yangu yanawaka, mwanangu.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Bwana ya Yaya alikuwa anafanya kazi ya shaba, kwa hiyo walimtibu katika hospitali ya kampuni. Kansa ilikuwa imemwondolea titi la kushoto. Kidonda kilipopona nilitoka kwangu, mtaa wa Katuba, kumsindikiza kwa munganga. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, mdomo wazi kama sufuria isiyo na kifuniko.

“Sitwayeni,” munganga akasema, maana ndivyo mwanamke alivyoitwa wakati ule, “tunaweza kukata nyama ya mugongo yako, tukutengenezee titi ingine. Unapenda?”

Yaya hajafungua mdomo, mimi nikaruka: “Ndiyo, munganga! Mutengeneze! Kama hapana, bwana atatafuta biro ya pili!”

Biro ya pili unaijua, usijifanye. Ni mwanamke wa pembeni.

Yaya akanigeukia. “Weye, mugongo njo ya nani?”

“Yako, Yaya.”

“Basi funga kinywa. Ao akate yako.”

Kisha akauliza mwenyewe, pole pole, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Hiyo titi itanyonyesha? Hapana. Itasikia mkono wa mutoto? Kidogo sana, ao hapana kabisa. Na mugongo? Utauma majuma mengi, usibebe kitu.

“Mutoto yangu hajatembea bado. Nitamubebea wapi, ku kichwa sawa beseni? Leo hapana, munganga. Nikigeuza moyo, nitakuya.”

Munganga alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi nilingoja Yaya aanze kulia. Akaanza kushona. Alikata kipande cha kitenge cha zamani, akajaza pamba na punje za mahindi ili kiwe na uzito. Siku ya wanawake wa kambi ya kampuni kuchezea chama tawala, alicheza, mutoto mugongoni, mpaka titi la kitambaa likapanda begani.

“Numbi, titi yako inasafiri mpaka Kasomeno!” wenzake wakapiga kelele.

“Muiache itembee! Ingine iko inalinda nyumba!”

Na bwana yake? Alizeeka naye pale pale, akilalamikia tu bukari, ugali wake.

Lakini sikiliza. Mama mmoja kutoka Kambove, aliyelazwa karibu na Yaya, yeye alikubali. Akatengenezewa, akatoka na kifua mbele kama jogoo. Naye alichagua vizuri, maana alichagua mwenyewe.

Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Ukimsindikiza mgonjwa, beba kikapu chake, usibebe ulimi wake. Na siku ukiwa mgonjwa wewe, Mungu aepushe, kuondoa ugonjwa usichelewe. Ila kutengeneza titi kunaweza kungoja. Uliza yote, hata ya aibu. Munganga hachoki, analipwa.

Mungu akupe mugongo wenye nguvu, watoto wa kuujaza, na kicheko kisichokatwa na kisu cha mtu.