Laibrari Isiyo na Makosa

Bosi wetu hupenda kuitwa Injinia, hata na muuza mandazi. Ana karakana ndogo hapa Eldoret, juu ya duka la mbegu na mbolea, na humo tunatengeneza vifaa vya kudhibiti joto kwa wafugaji wa vifaranga. Mimi huchora bodi, vile vibao vinavyobeba vipuri vya umeme, kwenye kompyuta. Mama mmoja kutoka upande wa Busia huchomelea vipuri, nami humsaidia kazi ikizidi. Kazi ya Injinia ni kulinda laibrari.

Laibrari yenyewe ni faili tu. Ndani yake kila kipuri kina mchoro wa matundu ambamo miguu yake itaingia, ili mchoraji asipime upya kila mara. Injinia aliitengeneza mwenyewe zamani, akaifunga kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, na huitaja kama mtu anayetaja shamba la babu yake. Sisi tunaruhusiwa kuchota. Kugusa, hapana.

Sasa, humo ndani kulikuwa na regyuleta, kile kidude cha miguu mitatu kinachopunguza nguvu ya umeme. Matundu yake mawili yalikuwa yamebadilishana nafasi, la kati limekaa kando na la kando limekaa kati. Mtu wa kawaida angefungua faili, arekebishe, kisha anywe chai yake. Sisi tulikuwa na desturi. Siku yako ya kwanza kazini Injinia alikupeleka mezani, akakuonyesha jinsi ya kuvisha mguu wa kati kimpira, kuupitisha juu ya jirani yake na kuuchomeka upande wa pili. Alifundisha kwa uzito wa mtu anayekabidhi mila. Yule mama alikunja miguu hivyo kwa miaka mingi, mpaka akawa anakunja bila kutazama huku akitusimulia vituko vya kwaya yao.

Nilimwambia Injinia mara nyingi kwamba matundu yale yamekosewa.

"Young man, library haina makosa," alikuwa akinijibu. "Ni wewe hujaizoea."

Mara ya mwisho nilimpelekea karatasi ya kiwanda kinachotengeneza hicho kidude, nikamwekea kidole penyewe. Akaitazama kwa muda, akakohoa, akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Baadaye bodi mpya zikafika kutoka China, zinakotengenezwa kwa michoro yetu. Mama akakunja miguu kama kawaida. Tukawasha ya kwanza, ikatoa moshi. Ya pili, moshi. Chumba kikanuka plastiki iliyoungua, na mfugaji wa Kiplombe ameketi pale kwenye benchi akisubiri vifaa vyake, maana vifaranga walikuwa wanafika kesho yake.

Injinia akamgeukia mama. "Mama, macho yako yamechoka. Umekunja vibaya. Mwisho wa mwezi tutaachana, na si kwa ubaya."

Mama aliweka chini koleo lake. Ana watoto wawili sekondari, na ni hiyo miguu inayowasomesha.

Nikachukua bodi tupu, nikachomeka regyuleta bila kukunja chochote. Ikaingia sawasawa, kila mguu mahali pake. Matundu yalikuwa yamerekebishwa! Nilishikwa na hasira.

"Injinia, nani amebadilisha library?"

"Hakuna. Library haijawahi kuwa na makosa."

"Basi Mama amekuwa akikunja ya nini miaka hii yote?"

Mfugaji aliacha kutafuna karanga. Nilimwona Injinia akihangaika. Akikubali kwamba amerekebisha, amekubali kwamba palikuwa na kosa. Akikataa, mbona bodi ile iko pale mezani inamtazama?

"Hii ni virus," akasema hatimaye. "Imeingia kwa library. Nitarudisha ile original, na Mama ataendelea na kazi yake."

Hivyo ndivyo kazi ya mama ilivyookolewa na virusi vya kwanza duniani kurekebisha michoro ya watu. Bodi zilizobaki tulizichomelea kwa miguu iliyonyooka, mfugaji akaenda zake akishukuru. Injinia naye akatimiza neno lake. Bodi zilizofuata zilikuja na kosa lao kamili, mama akakunja, nami nikakunja, zikafanya kazi vizuri. Nilimcheka yule mzee kila nilipopata watu wa kunisikiliza. Ile "virus" nilikuwa naiiga mpaka na kikohozi chake.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikaa nyumbani, mtaa wa Pioneer, kujitengenezea taa ya lango. Nilitumia laibrari yangu mwenyewe, safi, kila tundu nimelipima kwa mkono wangu. Nilichomelea nikipiga mluzi, nikijiona mtu wa maana. Nikaunganisha umeme.

Moshi.

Nilipogeuza bodi niliuona mguu wa kati wa regyuleta umelala juu ya mwenzake, na kimpira nimekivisha vizuri kabisa.

Jumatatu nilimwonyesha mama. Aliigeuza ile bodi huku na huku, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Umekunja vizuri sana, Injinia mdogo," akasema. "Sasa wewe nani atakufuta kazi?"