Jiwe la Malik Torbaz

Gulwali Afridi alikuwa hatulii. Miaka ishirini na sita alikuwa ofisa mwenyeji katika ubalozi mdogo mjini Peshawar, akishughulikia wageni walioibiwa, waliougua, waliofia hotelini. Kungoja alikuzoea. Lakini tangu Injinia Henrik, Mzungu aliyekuwa chini ya ubalozi huo, atekwe milimani, chai ilimpolea mezani, na kila simu aliidaka kabla haijalia mara ya pili.

Wiki tatu alibembeleza, hadi Malik Torbaz, mkuu wa ukoo jirani na watekaji, akaweka jiwe la amani uani kwake. Jiwe likiwa chini, bunduki zinanyamaza na mateka haguswi. Likiinuliwa, yamekwisha.

Ijumaa asubuhi akaingia Bwana Tasker. Huyu alikuwa akiwazungukia tangu utekaji, na hakutumwa na mtu. Alijiita mpatanishi, na kadi ya kusema hivyo alijichapishia mwenyewe. Kofia mpya ya sufi ilimkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria.

"Mzee Gulwali, nyinyi mnakunywa chai tu hapa! Mimi nimefika kwa Malik, nimekula pilau yake."

"Acha maneno, bwana."

"Ushahidi huu hapa!"

Akafungua begi, akakunjua shati. Ndani mlikuwa na jiwe jeusi, kubwa kama mkate.

Siku zote Gulwali alikuwa akiomba huyu bwana aumbuke kuwa mwongo. Sasa aliomba, kwa roho yake yote, awe mwongo kweli.

"Umelitoa wapi?"

"Uani kwake. Ni jiwe tu, Mzee. Milima yote ile ni mawe!"

Gulwali alipiga simu papo hapo. "Malik, amani iwe juu yako."

"Amani gani, Gulwali? Si mgeni wako kaipakia garini!"

"Si mgeni wangu, Malik. Wallahi, hata aliyemzaa simjui."

"Mlangoni alitaja jina lako. Unadhani alikula kwa jina la nani? Wale vijana wenye mateka wamenipa mpaka jua litue, jiwe liwe limerudi."

Gulwali akanunua kondoo wa kuombea radhi, akampakia nyuma ya gari, jiwe akalipakata mwenyewe.

"Nije nikusaidie kuzungumza?" Tasker aliuliza.

"Kaa hapo hapo! Umeshazungumza vya kutosha."

Alifika milimani kwa Malik alasiri. Kondoo akachinjwa mlangoni, jiwe likarudishwa chini.

"Wewe nimekusamehe," alisema Malik. "Lakini jiwe lililoinuliwa mara moja, nani ataliamini? Vijana wanataka mtu wa kukaa nalo hapa kama rehani. Mzungu watamwachia, mtu huyo atakaa mpaka serikali imtoe jela ndugu yao, yule wanayemdai."

Gulwali hakutafuta mtu mwingine. Akaketi kando ya jiwe. Alimpigia mkewe: "Shaperai, usiniwekee chakula."

"Mpaka lini, baba watoto?"

Akasema mtandao unasumbua, akakata. Aliona aibu kwa uongo huo kuliko alivyoogopa bunduki.

Siku ya tano Henrik akateremshwa mjini. Jioni mlinzi aliyewekwa kumchunga Gulwali aliwasha redio pale uani. Tasker alikuwa akieleza kwa sauti ya kuchoka jinsi alivyowashawishi watekaji, peke yake, bila msaada wa ofisi yoyote.

"Si yule mgeni wako huyo?" mlinzi aliuliza.

"Ndiye."

Kisha msomaji wa habari akasema hakuna mateka hata mmoja aliyebaki milimani. Mlinzi akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Gulwali akamwomba apunguze sauti ya redio, akausogeza mguu wake karibu na jiwe.