Hadithi ya Sauda

Gazeti la katuni lilifika Lushoto likinuka dizeli na machungwa, maana lilipanda mlima katikati ya mizigo ya abiria wa basi la kutoka Mombo. Mimi na Sauda tulikuwa darasa la sita. Baba yake alitoka Songea kuja kuchuma chai. Wangu alikuwa mkulima, Mlutheri, na nyumbani tuliongea Kishambaa. Kiswahili changu kizuri nilikipata kwa Sauda na katika gazeti lile, tulilolisoma tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa mawe nyuma ya shule, ukungu ukitulowesha nywele.

Tulikuwa na mtunzi wetu tuliyempenda, na kwenye daftari tuliorodhesha kazi zake. Orodha hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Hadithi nyingine zilikuwa na jina lake peke yake, nyingine alishirikiana na mwenzake, na nyingine ziliandikwa kwamba wazo tu ndilo lake. Mimi nilihesabu zile alizoandika peke yake. Sauda alitaka zote.

"Bila wazo lake, huyo mwingine angeandika nini?" aliniuliza.

"Wazo si kazi," nilimjibu.

Mwaka ule gazeti liliomba hadithi za watoto. Sauda alinisimulia ya mama mchuma chai aliyepotea kwenye ukungu, akarudi kwa kufuata sauti za wenzake waliokuwa wakiimba. Niliiandika, nikaichora, nikaipeleka posta ikiwa na jina moja tu, langu: Neema. Nilipomwambia, hakulia. Alisema tu, "Basi usiihesabu kuwa yangu," akashuka ukutani. Muda mfupi baadaye familia yake ilihamia kijiji cha ujamaa karibu na Magoma. Sikwenda kumuaga.

Hadithi ilipochapwa, nilitaka Sauda aione. Nilimwomba baba anipeleke Magoma. Mama Sauda aliitikia shikamoo yangu, akatukalisha, ndipo akatuambia kwamba Sauda alikuwa amefariki miezi miwili kabla, kwa malaria ya kule bondeni.  Nilimpa gazeti, nikamwambia hii ni hadithi ya Sauda.

Alilipokea kwa mikono miwili. "Jina lake liko wapi, mwanangu?"

Nilidhani hajui kusoma. Niliweka kidole juu ya jina langu.

Aliinama, akaifuata herufi ya kwanza kwa kidole chake. "Nimeanza kisomo cha watu wazima," alisema taratibu. "Hii ni N."

Siku hizi wajukuu wangu wanasoma katuni kwenye simu, na jina likikosewa husahihishwa siku hiyohiyo. Gazeti letu lilikufa zamani, na Mama Sauda naye hayupo. Nimetunga vitabu kadhaa tangu wakati ule. Vijana wanaopenda kuhesabu kazi zangu huanza na ile ya mchuma chai. Nawaambia si yangu. Wanadhani najinyenyekeza.