Mtaimbo Abomoa Kwake

Siku hizi nyumba ikianguka watu wana neno moja tu: taka. Tingatinga linasukuma, lori linazoa, basi. Rafiki yangu Mtaimbo, aliyebatizwa jina la chombo chake cha kazi, amebomoa nyumba za watu miaka arobaini na sijamsikia akilitamka neno hilo kwenye kiwanja cha mtu. Kwake, nyumba iliyobaki kuta bila paa ni gofu, na gofu lina heshima yake. Kuta zikishuka, mawe na chokaa iliyosagika ni kifusi, kitajaza msingi wa mwingine. Vyungu na sahani zilizovunjika ni magae, yanawekwa mbali na miguu ya watoto. Mbao zilizopasuka ni mabanzi, hizo ni kuni. Kila kitu na fungu lake, na hakuna fungu linaloondoka mpaka mwenye nyumba apite katikati, aangalie, aseme, "Chukueni." Vijana wa tingatinga humcheka. Hawajawahi kusubiri mama wa watu ainame aokote bawaba ya mlango wake.

Barabara ilipopanuliwa, ikafika kwake. Alama nyekundu ukutani, siku saba. Mtaimbo akaapa kwamba nyumba yake haitabomolewa na mgeni. Asubuhi ya siku ya saba lilibaki jiko tu, na tingatinga lilikuwa linakuja saa sita.

Mkewe, shemeji yangu, alitaka kitu kimoja: jiko hilo la matofali, alilojengewa mwaka waliooana, liende nao wanakohamia. Zima, tofali kwa tofali. Jiko lenyewe limepinda, na kwa miaka thelathini na tatu amelisema kila alipoinjika sufuria.

"Mama watoto, jengo halihami," Mtaimbo akasema. "Yanayohama ni mabaki."

"Umevunja majiko mangapi ya wake za watu? Leo vunja langu kwa adabu."

"Tofali lililoshikwa vizuri halitoki zima. Na hili nililijenga mimi."

"Ndiyo maana nina matumaini."

Nilicheka, nikakatwa jicho.

Lakini Mtaimbo alikuwa na haki ya kuogopa. Kuta za sebuleni, alizojengewa kwa saruji na fundi hodari, zilikuwa zimetoa kifusi kitupu. Matofali mazima hayakufika kumi. Akapiga magoti, akapenyeza ncha ya mtaimbo chini ya tofali la kwanza kama mganga wa meno. Akasukuma kidogo. Likatoka zima. La pili akalitoa kwa mkono. La tatu lilidondoka lenyewe, yeye bado anatafuta pa kulishika.

Shemeji akashika kiuno.

"Udongo mtupu! Miaka yote hii unaniapia kwamba kuna saruji."

"Saruji ilikuwepo."

"Wapi?"

"Dukani."

Tuliyatoa yote sitini na mawili, hakuna lililopata ufa, tukamaliza tingatinga likiwa linaingia. Dereva akachungulia.

"Wazee, hizo taka mnazipeleka wapi?"

Mtaimbo alimtazama mkewe. Shemeji akapita polepole katikati ya kifusi, magae na mabanzi, akaokota kifuniko cha birika, akakirudisha chini. Dereva, sijui nani alimfundisha, alizima injini.

"Chukueni," shemeji akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Kesho yake Mtaimbo alifika kwenye nyumba mpya na mfuko mzima wa saruji begani, kusafisha jina. Akautua. Mkewe akaukalia.

"Tia udongo."

"Litapinda tena, mama."

"Lipinde. Wakitufuata na huku, nitalibeba."

Mtaimbo aliukodolea macho mfuko wake. Kisha akaenda kuchota maji ya kukandia udongo.