Nyumba ya Haboba Ndani ya Miwani

Niliondoka Kawangware kwa sababu ya ufunguo. Kule Makina, Kibera, kulikuwa na nyumba ya udongo ya ukoo mmoja wa Wanubi, na ilikuwa ibomolewe Jumamosi ili watoto wa mwenyewe wajenge ghorofa. Mwenye nyumba ni ajuza ambaye mtaa mzima humwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi. Baba yake ndiye aliyeijenga, naye alizaliwa humo humo. Alikubali ibomolewe kwa sharti moja: kwanza iingizwe kwenye ile miwani ambayo mtu akiivaa hujiona amesimama mahali pengine, ili vitukuu wake nao wapate kuingia kwao. Akiridhika atatoa ufunguo. Asiporidhika, fundi atarudi alikotoka na nyundo zake.

Mimi hupiga video za harusi, na droni ni yangu. Miwani na kompyuta ni za rafiki yangu Otieno, kijana anayeamini kwamba hakuna kitu duniani kisichopigika picha.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulipanda boda boda mbili. Nilipakata droni kama keki ya harusi, na kila tuta la Naivasha Road nilililaani kwa jina lake. Tulipita Ngong Road, tukakata kando ya soko la Toi, na kabla ya saa tatu tulikuwa Makina.

Mlangoni tulipokewa na Mama Rehema, binti wa Haboba, amejifunga lesso mpya na jasho linamtoka. Otieno alianza na "niaje" akajikanyaga, akamalizia na salaam aleikum. Tuliwekewa chai na gurusa, zile chapati laini za Kinubi, nami nikala tano bila haya. Haboba mwenyewe alikuwa kwa dada yake Laini Saba. Mama Rehema alituambia amemhamishia huko siku mbili, apumzike.

Saa nne nikarusha droni. Kwenye kioo cha rimoti niliona bahari ya mabati yenye kutu, reli ikipita katikati, na ghorofa za Nyayo Highrise zikichungulia kwa mbali. Paa la Haboba lilijulikana mara moja kwa upana wake na baraza lake la mbele. Ndani, Otieno alizungusha kamera yake chumba baada ya chumba. Kuta zilinukia rangi. Sebuleni kulikuwa na sofa nyekundu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na ukutani hapakuwa na hata buibui. Nilimwambia Otieno kwamba hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya. Heri ningeuma ulimi.

Jumatano asubuhi tulirudi na miwani. Haboba alikuwa amerudishwa usiku uliotangulia, na tangu hapo, kwa maelezo ya Mama Rehema, alikuwa hamsemeshi mtu. Mama Rehema alidhani ni uchovu. Tulimkalisha uani kwenye kigoda, tukamvalisha miwani, tukasubiri asifu. Akageuza kichwa polepole. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaenda mahali ambapo pangekuwa nyuma ya mlango, ukapapasa hewa. Ukapapasa tena. Akaushusha.

"Hii nyumba ni ya nani?" akauliza.

Mama Rehema akamwambia ni yao.

"Yetu iko na msumari hapa."

Hapo ndipo siri ilipotoka, kidogo kidogo kama jino bovu. Aliposikia wageni wa kamera wanakuja, Mama Rehema alipaka kuta chokaa na kung'oa misumari yote. Kitanda cha kamba, mikeka na zile sinia za ukindu za kufunikia chakula alivificha kwa jirani, na sofa akaziazima kwa jirani mwingine. Alijitetea kwamba hata sisi tungekuwa yeye tungefanya vivyo hivyo. Nani humkaribisha mgeni kwenye masizi, tena mgeni anayerekodi? Ndani yake nilimwona mama yangu mwenyewe.

Haboba akavua miwani, akaigusa lesso yake pale alipofunga ufunguo.

"Hiyo yenu bomoeni hata saa hii. Yangu bado."

Basi mchana kutwa tukawa wapagazi. Sofa zikatoka, kitanda kikaingia kwa ubavu, sinia zikarudi ukutani kwa misumari mipya. Chokaa haikubanduka, lakini Haboba alisema chokaa hata baba yake alikuwa akipaka. Kilichobaki kilikuwa ule msumari wa nyuma ya mlango. Mama Rehema alikuwa ameutupa kwenye ndoo ya takataka, na ndiye aliyepiga magoti akaichambua ndoo ile mpaka akaupata, umepinda, mweusi. Aliugonga kwenye tundu lile lile. Otieno alipoanza kuzungusha kamera, Mama Rehema aliomba angalau karai la vyombo vichafu litolewe. Haboba akasema likae. Mama Rehema akaenda kusimama nje barabarani, asishuhudie aibu yake ikirekodiwa.

Ijumaa baada ya swala tukamvalisha tena. Mkono ukainuka, ukaenda nyuma ya mlango, na safari hii vidole vikafunga, kana kwamba vimeshika kitu. Haboba akacheka. Akasimama, akaniegemea, akapiga hatua tatu uani, na mahali palipokuwa na mlango wa jikoni kwenye miwani akainama kidogo, kwa sababu ule mlango ni mfupi. Juu yake palikuwa na mbingu tupu. Mimi nililia, sifichi. Kisha akafungua fundo la lesso na kumpa binti yake ufunguo, bila hotuba.

Jumapili ya wiki iliyofuata tulipita tena, maana Otieno alitaka kujaribu jambo jingine: unaelekeza simu kwenye kiwanja kitupu, na kwenye kioo nyumba inasimama pale pale ilipokuwa. Ilisimama, baraza na yote. Haboba aliitazama sana. Alipofika kwenye mstari wa kizingiti, akavua ndara zake, akakanyaga vumbi. Mama Rehema naye akavua, nasi tukavua.

Jioni, kabla sijafika Kawangware, nilimpigia mama simu nikamwambia kwamba kesho naja nyumbani na kamera, na nikamsihi asifagie, asipange, asiguse kitu. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeombea maisha yake, kama angalau anaweza kuosha vikombe.