Siku Mama Bata alipomhamisha Meneja

Saa moja asubuhi jua limeshapanda, lakini banda bado limefungwa. Ndani, bata wanasukumana mlangoni kama wateja wa duka lililochelewa kufunguliwa. Nje amesimama mama mmoja, kanga kiunoni na ndoo ya pumba mkononi. Hana haraka hata kidogo.

"Wakitoka kabla ya kutaga, yai utalikuta majanini, au usilikute kabisa," anasema. "Kuku akitaga anautangazia mtaa mzima. Bata anataga na kunyamaza, utadhani hakufanya kitu."

Mtaani hapa anaitwa Mama Bata, na wanaomwita hivyo hawamtukani. Jina lake la kwenye kitambulisho, anasema huku akicheka, linatumika benki tu.

Mlango unafunguliwa. Bata wanamiminika kuelekea kidimbwi cha saruji nyuma ya jiko. Wa mwisho kutoka ni dume mweusi mwenye uso mwekundu, kamba ndefu mguuni, anayetembea kwa wasiwasi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na bata naye ni hivyo hivyo.

"Huyu bado hana cheo," anasema Mama Bata. "Mwenye cheo tulimhamisha."

Mwenye cheo alikuwa Meneja.

Kidimbwi kilijengwa na mume wa Mama Bata, fundi mwashi, kwa mabaki ya saruji. Miaka minne iliyopita alirudi kutoka kazini na mfuko wa saruji unaopumua. Mke akaruka nyuma. Ndani mlikuwa na bata mdogo wa kiume, mweupe, mwenye baka jeusi juu ya jicho la kushoto. Alipokua, fundi akamwita Meneja kwa sababu alizunguka akikagua kila kitu na hakufanya kazi yoyote.

Mwaka uliofuata fundi aliugua, akafariki. Aliacha mke, watoto wawili, mama yake mzazi, na bata: Meneja na majike mawili aliyomtafutia.

Mama huyo wa marehemu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alianza kuketi kwenye kigoda kando ya kidimbwi kila asubuhi. Meneja alikuwa akimfuata na kulala miguuni pake. Bibi alimsimulia habari za nyumbani: nani kapita, nani kaugua, mboga imeungua. Hakuna aliyemcheka.

"Mwanangu alikuwa akimlisha kwa mkono," Bibi anamwambia mwandishi wa makala haya. "Sasa ulitaka nizungumze na nani?"

Bata wakazaana. Mama Bata akauza mayai, kisha vifaranga. Katika mayai kumi, manane yalitotolewa. Karo ililipwa, paa lililovuja likabadilishwa mabati. Majirani nao walinunua vifaranga, wakaanza kufuga.

Halafu mambo yakaharibika. Katika mayai kumi, wakawa wanatoka vifaranga watatu, na kati yao mmoja miguu imejikunja, hawezi kusimama.

Mama Bata anamwingiza mwandishi stoo, anafunga dirisha, na kuliweka yai juu ya tochi ya simu. Ganda linawaka rangi ya chungwa. Ndani kuna doa jeusi lenye mishipa myembamba myekundu, na doa lenyewe linacheza.

"Hilo lina uhai. Mwaka jana nilikuwa naona mishipa hivi hivi, nafurahi. Nikirudi baada ya siku chache, imekatika. Kifaranga kafia ndani. Unalia kwa ajili ya yai, jamani! Watu wakisikia watasema umechanganyikiwa."

Alilaumu ngurumo za radi. Alilaumu pumba. Alimlaumu hata jirani mmoja aliyepita akawasifia bata wake mno.

Aliyesema ukweli ni fundi baiskeli wa pale kona, mfugaji mwenzake, tena kwa mzaha. "Mama Bata," alimwambia, "huyo Meneja wako sasa anaoa wajukuu zake."

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mama Bata hakucheka. Alikasirika, akakaa muda bila kumsalimia. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Meneja alikuwa dume pekee bandani tangu mwanzo, na majike yote ya sasa yalikuwa binti zake na binti wa binti zake.

Akameza hasira, akaenda kwa fundi baiskeli kumwazima dume wake. Wakamfungia Meneja pembeni kwa msimu mzima. Mayai yakaatamiwa. Matokeo yakawa yale yale.

Siku moja, akimwaga maji machafu ya kidimbwi, akamtazama vizuri yule dume wa kuazima. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na baka jeusi.

"Nikajishika kichwa. Fundi baiskeli alimnunua wapi yule dume? Kwangu! Nilikuwa nimemtoa babu nikamwingiza mjukuu. Nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Huku baka, kule baka. Mtaa mzima nimeuuzia damu moja, na kila mmoja anafikiri mkosi ni wake peke yake. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke."

Kumbe kulikuwa na mfyatua matofali ng'ambo ya bonde, safari ya nusu siku, ambaye bata wake walitoka kwingine kabisa. Naye alikuwa na shida hiyo hiyo. Kwa wafugaji hawa dume wa mbegu hauzwi, anabadilishwa kwa dume. Mama Bata akampelekea dume kijana, mmoja wa watoto wa Meneja.

Mfyatua matofali alimgeuza, akamtazama miguu, akamrudishia. "Dada, huyu kashaharibika. Nataka baba yao, mwenye damu safi. Ukimleta, chagua dume yeyote hapa."

Mama Bata alirudi nyumbani na dume wake kijana. Angemwambiaje Bibi? Bila Meneja kuondoka, banda lingekufa, na banda ndilo linalowalisha. Meneja akiondoka, mama wa watu angebaki kwenye kigoda anazungumza na maji.

Asubuhi moja Bibi alipokwenda kliniki, Mama Bata alimfunga Meneja miguu, akamtia kapuni, akafika naye hadi getini. Hapo akasimama. Akamfungua.

"Ningemdanganya mzazi wa mume wangu kwa sababu ya bata? Hapana. Jioni nikamwambia."

Bibi akasema, "Mtu amekufa, na sasa mnamhamishia bata wake." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa walisalimiana tu.

Mayai ya mwisho ya msimu ule yalipopasuka, alitoka kifaranga mmoja tu. Kila alipojaribu kusimama, alianguka kifudifudi. Bibi alimwokota, akamweka kiganjani, akampulizia pumzi ya joto. Alikaa naye kwenye kigoda hadi kifaranga alipotulia kabisa. Meneja alikuwa amelala miguuni pake.

Kesho yake alimwita mkwe wake. "Leta kapu," akasema. "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe."

Alimfunga Meneja mwenyewe kwa kitambaa laini, asichubuke. Akasisitiza kubeba kapu hadi kituoni, na Meneja akamfokea njia nzima kwa ule mlio wake wa kuvuja upepo. Basi lilipoondoka na Mama Bata na Meneja, Bibi alibaki amesimama pale mpaka kondakta wa basi lililofuata akamwuliza anakwenda wapi.

Leo majike matatu yanaatamia mayai ya yule dume mweusi aliyetoka kwa mfyatua matofali. Mama Bata amemulika yote, na karibu kila moja lina uhai. Wiki ijayo anatarajia ganda la kwanza kupasuka.

Vifaranga hao hawatauzwa wote. Ameshatangaza bombani, mbele ya watu, kwamba kila aliyenunua dume kwake ataletewa mwingine, bure. "Mficha uchi hazai," anasema. "Na mimi niliwaficha bila kujua. Nataka mtaa huu uzae tena." Fundi baiskeli ndiye wa kwanza kwenye foleni, na mzaha wake bado haujaisha. Ameomba aletewe na cheti cha ndoa.

Bibi ameketi kwenye kigoda chake. Dume mweusi anakunywa maji upande wa pili wa kidimbwi, mbali kadiri kamba inavyoruhusu. Bado hawajazoeana. Lakini asubuhi hii, Mama Bata ananong'ona, Bibi alimwambia yule mgeni kwamba mboga imeungua.

Mwandishi anapoaga, Bibi anamshika mkono, anauliza barabara gani atapita. Anapojibiwa ni ile ya bondeni, anamvuta karibu na kushusha sauti ili dume mweusi asisikie.

"Ukifika kwa mfyatua matofali, mwanangu, mwangalie Meneja kama anakula," anasema. "Ila usimwambie kwamba tumeweka mwingine."